Kipupwe cha Polka

Bendi ya Räntä ilivunjika kwa sababu wanamuziki wake walianza kupatana. Kwa miaka mingi walikuwa wakichukiana vizuri tu. Kila mmoja alifika ukumbini na gari lake, akanuna kwenye kona yake, na nyimbo zilizotoka humo zilikuwa na huzuni safi isiyochanganywa na kitu, huzuni ya kuwafanya watu wa mkoa mzima wa Kainuu huko Ufini waangalie viatu vyao kwa raha. Halafu Kalervo, mwimbaji wao, akapasuliwa goti. Wenzake wakaenda kumwona hospitali, mmoja akabeba keki, na hapo kazi ikaharibika. Waliporudi studio, mpiga besi alicheka katikati ya wimbo. Wakafunga vyombo wakaenda zao. Siku hizi Kalervo anauza majiko ya sauna, vile vibanda vya kuogea mvuke.

Veijo Kemppainen aliipokea habari hiyo kama msiba wa nyumbani. Räntä ni jina la ile mvua iliyoshindwa kuamua kama iwe theluji au iwe maji, na Veijo aliamini hakuna bendi duniani iliyopewa jina kwa haki kuliko ile. Katika gereji yake, mahali ambapo wanaume wengine wanaweka matairi, yeye aliweka santuri. Kila jioni baada ya chakula alishuka huko, akakaa kwenye kigoda, akaweka sahani moja, akaisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kidole cha mguu.

Na alikuwa na vipimo vyake. Wimbo mzuri, kwa Veijo, hauna jua ndani. Mwanamke awe ameshaondoka kabla wimbo haujaanza, maana akiondokea katikati hiyo ni kelele tu ya ugomvi. Mwimbaji asipaze sauti. Anayepaza sauti anataka kusaidiwa, na Räntä hawakutaka kusaidiwa na mtu. Kulikuwa na bendi moja ya mji wa Oulu ambayo vijana waliisifu sana, inaimba makaburi mwanzo mpaka mwisho, lakini Veijo aliwaona ni watu wepesi. Kufa mtu anakufa mara moja, yamekwisha. Räntä waliimba habari ya mwanamume anayengoja kivuko ambacho serikali ilishakifuta, naye anajua kimefutwa, na bado kabeba mkoba. Hiyo ndiyo kazi.

Mkewe, Marketta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mchangamfu kwa kiwango cha huko, maana yake aliweza kusema "habari za asubuhi" bila kulazimishwa. Juu ya muziki wa mumewe alikuwa na neno moja tu: "Funga mlango."

Walikuwa na mtoto mmoja, Jonna. Jonna alikwenda Australia kuchuma ndizi kwa miezi michache, akarudi na mwanamume. Jina lake Corey, fundi wa mabwawa ya kuogelea kutoka Townsville, kijana mwenye meno mengi na tabia ya kuyaonyesha. Wiki yake ya kwanza Kainuu alimsalimia kila mtu aliyepishana naye barabarani, na majirani wawili wakaenda kumuuliza Marketta kwa siri kama mgeni wake ana shida gani. Lakini alikuwa kijana mwema, alimpenda Jonna waziwazi kama mtu aliyeokota dhahabu, na ikapangwa kwamba harusi ifanyike Agosti, halafu wahamie Townsville moja kwa moja.

Hilo neno "moja kwa moja" lilikaa nyumbani mwa kina Kemppainen kama kabati jipya ambalo kila mtu anajigonga nalo na hakuna anayelitaja.

Mwezi wa Juni Jonna alikuja nyumbani kupanga mambo. Walikuwa mezani wakinywa kahawa, watatu tu.

"Baba, nina ombi moja la harusi."

"Sema."

"Usilete Räntä."

Veijo alishusha kikombe. "Hata wimbo mmoja?"

"Hata nusu. Wala ile bendi nyingine ya yule anayeimba kama ana homa. Na usiniangalie hivyo."

"Naangalia kawaida."

"Ndiyo hiyo kawaida yako nisiyoitaka," alisema Jonna. "Baba, wazazi wa Corey wanatoka mwisho wa dunia. Mama yake ni mtu wa kucheka. Sitaki anivute pembeni aniulize, hivi baba yako ana nini?"

"Kwani nina nini?"

"Sasa si ndilo swali lenyewe!"

"Mtoto anaolewa, Veijo, hazikwi," alisema Marketta.

Jonna aliweka mkono wake juu ya mkono wa babake, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa sawa na kupiga king'ora. "Unakumbuka kile kipupwe cha polka? Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba nzima ule muziki wa kurukaruka, kodiani asubuhi mpaka jioni, hata mswaki tulipiga kwa mdundo. Ulikuwa baba mwingine kabisa. Nipe baba yule. Siku moja tu, basi."

Veijo akatazama ndani ya kikombe chake. Marketta aliinuka ghafla, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ndogo ambayo alikuwa ameshaifuta.

"Sawa," alisema Veijo.

Kwa watu wengine "sawa" ni neno la kumalizia mazungumzo. Kwa Veijo lilikuwa kiapo, na tangu hapo akawa mtu mwenye matatizo, kwa sababu Räntä alikuwa ameshawaita.

Ilikuwa ndiyo zawadi yake. Mwezi wa Machi alikuwa amekwenda kwa Kalervo, akiwa na wazo alilolibeba kipupwe kizima, akamwambia kwamba mwanawe anaolewa na kwamba ingefaa. Kalervo alifikiri mpaka kahawa ikapoa, akasema, "Inawezekana." Huko kwao mtu akisema inawezekana, unaweza kwenda benki na neno hilo.

Sasa ilibidi kulivunja. Jambo kama hilo halisemwi kwa simu, kwa hiyo Veijo aliendesha gari mpaka kwa Kalervo, njia nzima akijifunza sentensi yake: Kalervo, msije. Sentensi ya maneno mawili, haimshindi mtu mzima.

Bahati mbaya alikuta sauna imeshawashwa. Sauna ikiwashwa na mgeni akitokea, mgeni anaingia. Kukataa ni matusi. Na ndani ya sauna hakuna mtu anayezungumza shughuli. Wakakaa kwenye benchi la juu, uchi, wakitazama mawe. Kalervo akachota maji kwa kata, akayamwaga, mvuke ukawapanda masikioni. Veijo akafikiri jinsi Jonna atakavyoondoka, akafikiri kwamba muziki pekee aliojua kumpa umekataliwa, akashusha pumzi ndefu iliyotoka tumboni. Kalervo aliisikia. Yeye alikuwa mtaalamu wa pumzi za aina ile, alikuwa amezirekodi.

Wakatoka nje, wakakaa kibarazani na soseji na bia. Hapo sasa ilikuwa ruhusa kusema.

"Ile harusi," alianza Veijo. "Kalervo, kwenye ile harusi..." Akaishia hapo, akabaki anaitazama soseji.

Kalervo akamwekea mkono begani. Walifahamiana tangu ujana na mkono ule haukuwahi kuja.

"Usiseme," alisema Kalervo. "Nimeelewa."

Veijo akarudi nyumbani mwepesi, roho imetulia, akimshukuru Mungu kwamba bado kuna watu wanaoelewa bila kuchoshwa na maneno. Kalervo naye, gari lilipopotea tu, alimpigia simu mpiga besi. "Yule mtu kalemewa," alisema. "Tubebe na kile kinanda cha kukanyaga."

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa chama cha vijana, jengo la mbao lililopakwa rangi nyekundu na vijana ambao sasa wote wana meno ya bandia. Jua liliwaka. Mchungaji hakukosea majina. Jonna alikuwa mzuri kiasi kwamba Veijo alishindwa kumtazama moja kwa moja, akawa anamtazamia kwenye kioo cha dirisha. Kulikuwa na samaki, viazi vipya na ile keki ya mikate iliyopakwa krimu na kamba wadogo, na shangazi Irja, dada yake Veijo, alionja akasema si mbaya. Wapishi waliosikia sifa hiyo jikoni waliona haya kwa furaha.

Tatizo likaja kwenye muziki. Jonna alikuwa ameajiri dijei kutoka Oulu, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, na kijana akafungulia vitu vyake. Nyimbo za pwani, za kupiga makofi, za kuinua mikono. Wageni wa Australia walivamia uwanja mara moja, wakiongozwa na mama yake Corey, Leanne, mwanamke mwenye nguo ya manjano na nguvu za trekta. Walikuwa watu saba. Watu wa Kainuu, mia na kitu, walikaa kwenye viti kando ya kuta, mikono mapajani, wakiwatazama kama watu wanaotazama moto wa jirani kutoka mahali salama.

Na walikuwa wakifurahi! Hilo ndilo gumu kumweleza mgeni. Veijo alizitazama nyuso zile akaona raha tupu: mzee fulani alikuwa amekunja miguu, bibi mwingine alikuwa amefungua kifungo cha juu. Lakini Leanne alikwenda meza hadi meza akiwavuta watu mikono, na kila mkono uliovutwa ulirudi mahali pake kama mlango wenye springi. Mwishowe alimvuta Jonna pembeni, karibu na Veijo.

"Mpenzi wangu," alimwuliza, "hawa ndugu zako tumewakosea nini?"

Jonna akageuka kumtafuta babake kwa macho. Veijo akakumbuka kiapo chake, akavuta midomo pande mbili kwa nguvu zake zote. Leanne alimwona akashtuka, akaenda jikoni na Jonna kumletea glasi ya maji.

Ni wakati huo huo mlango ulipofunguka wakaingia wanaume wanne wenye suti nyeusi na nyuso za watu waliokuja kuchukua mwili. Wawili walibeba kinanda.

Veijo alifika mlangoni kabla hawajapiga hatua ya pili.

"Tukiweke wapi?" aliuliza Kalervo.

"Msipige," alisema Veijo.

"Tusipige?"

"Jonna kakataza. Niliahidi. Nilikuja kwako kukwambia."

Kalervo alifikiri. "Hukusema."

"Tulikuwa sauna."

"Kweli," alikubali Kalervo. "Pale usingeweza." Akageuka kuwatazama wenzake. "Hatupigi. Keki ipo?"

"Ipo."

Basi bendi aliyoipenda kuliko zote maishani mwake, iliyokusanyika tena kwa ajili yake peke yake, Veijo akaiweka kwenye meza ya pembeni na kuipakulia keki. Iliuma. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea kutabasamu, na watoto wawili wa jirani wakahama meza.

Hapo ndipo wakamwiba bibi harusi, kama desturi inavyotaka. Rafiki zake Jonna walimfunika koti wakampitisha mlango wa jikoni, na shangazi Irja, aliyekuwa mkuu wa wezi, akapanda jukwaani kutangaza fidia. Kwa kawaida bwana harusi huambiwa apasue kuni, au avae sketi aimbe. Lakini Irja alikuwa amekaa akiutazama uwanja ule mtupu, na alikuwa na roho ya ukorofi.

"Tumemficha," alisema. "Hatoki mpaka kila mwenye miguu humu ndani awe anacheza. Kila mmoja. Corey, kazi kwako."

Maskini Corey. Alichukulia jambo lile kama kufa na kupona. Alimwambia dijei aongeze sauti, akaruka, akapiga magoti mbele ya vikongwe, akajaribu kutembea kwa mikono. Watu wa Kainuu walimtazama kwa huruma kubwa. Mmoja alimpigia makofi, mara mbili, akaacha. Kadiri kijana alivyozidi kuhangaika ndivyo wao walivyozidi kujibana kwenye viti, wakiona haya kwa niaba yake. Nusu saa nzima. Mwishowe alimjia Veijo, jasho linamtiririka, yale meno yote yamefungiwa ndani, na Veijo akaona kwa mara ya kwanza uso wa mkwewe ukiwa umetulia. Ulikuwa uso mzuri.

"Baba mkwe, niambie ukweli," alisema Corey. "Watu wenu hawanitaki?"

"Wanakupenda sana," alisema Veijo. "Ndiyo maana hakuna aliyeondoka."

"Sasa nifanye nini?"

Veijo akaitazama meza ya pembeni. Dawa ilikuwa pale, imemaliza keki, inajifuta midomo. Na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umefungwa kwa neno lake mwenyewe. Akasimama, akavaa kofia, akatoka kwenda kwenye kibanda cha kuni, kwa sababu kila bibi harusi wa kijiji kile aliyewahi kuibwa alifichwa kwenye kibanda cha kuni.

Walinzi walikuwa wasichana wawili na chupa ya mvinyo.

"Umeleta fidia, mzee?"

"Nimeleta swali," alisema Veijo, nao wakampisha.

Jonna alikuwa amekaa juu ya rundo la kuni, koti la mtu mabegani, viatu kavua.

"Baba! Corey anaendeleaje?"

"Vibaya. Amejaribu mpaka kutembea kwa mikono."

"Mungu wangu. Na watu?"

"Wamekaa."

Jonna akaficha uso kwa viganja. Veijo akavua kofia.

"Räntä wamo ukumbini," alisema.

Viganja vikashuka. "Uliahidi."

"Hawajapiga hata noti moja. Wanakula keki. Nilikwenda kuwakataza, ila sauna ilikuwa imewashwa." Jonna alikuwa mtoto wa Kainuu, hakuhitaji maelezo zaidi. "Nimekuja kukuuliza. Ukisema hapana, nawasindikiza kwenye gari na hatutaongea tena habari hii."

Jonna akabandua ganda la ukuni, akalivunja vipande.

"Unajua kwa nini niliwakataza?"

"Kwa ajili ya mama yake Corey."

"Hapana. Hiyo ilikuwa sababu ya kukupa mezani." Alisita. "Chumba changu kiko juu ya gereji, Baba. Kila jioni nimelala, naisikia ile sauti, mtu anaimba kama anafukiwa mzima, na wewe uko chini pamoja naye. Nikawa najiuliza, tumemfanya nini? Mama kamuudhi? Au ni mimi? Mwaka mmoja niliamini kabisa ni kwa ajili ya hesabu zangu. Nilijifunza jedwali la saba usiku kucha ili uache. Hukuacha." Akacheka, lakini machozi yalikuwa yameshafika. "Kipupwe kimoja tu nililala vizuri. Kile cha polka. Nikasema, baba amepona. Halafu theluji ikayeyuka, ukarudia Räntä, nikalia mpaka mto ukalowa. Sasa naondoka, na sitaki kwenda kukaa kule mbali nikijua baba yangu alikuwa hana raha na sisi miaka yote."

Veijo aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Hakuwa ameyategemea haya. Alikuwa amejiandaa kukatazwa, akaletewa hesabu za mtoto.

"Kile kipupwe ndipo kiwanda cha karatasi kilipofungwa, nikakosa kazi," alisema.

"Najua. Nilikuwa mdogo, sikuwa mjinga."

"Hujui. Sikuweza kuwasikiliza Räntä. Nilijaribu mara moja, nikatoka gerejini nikaenda mpaka ziwani, nikasimama kwenye barafu. Ilikuwa Novemba, barafu bado changa. Nilisimama hapo nikaisikia inalia chini ya miguu, na nikaona ni sawa tu." Aligeuza kofia mikononi. "Mama yako alinifuata. Alinyoosha mkono, nikaushika, tukarudi. Kesho yake alikwenda kituo cha petroli akanunua sahani ya polka, ndiyo waliyokuwa nayo. Polka unaweza kuisikiliza hata ukiwa umekufa, Jonna. Haikudai kitu. Inajaza nyumba, basi. Yule baba unayemkumbuka, wa kupiga mswaki kwa mdundo, yule ndiye aliyekuwa anazama."

Jonna aliangusha vile vipande vya ganda.

"Masika nikapata kazi karakana ya manispaa. Siku moja nikaweka Räntä, nikaweza kuwasikiliza mpaka mwisho. Mama yako alisimama mlangoni pa gereji analia kwa furaha. Mtu mwenye huzuni hawezi kuwasikiliza wale watu. Lazima uwe na nafasi ndani ya kuwaweka. Mimi nilikuwa nayo. Wewe uko juu umelala, mama yako yuko jikoni anasahihisha madaftari, kuni zipo. Nikikaa kwenye kile kigoda nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Kainuu."

Akabaki hoi, kama mtu aliyeshusha lori zima la saruji peke yake. Jonna alikuwa analia bila kujificha.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umelala," alisema Veijo.

Jonna akamrushia ukuni, mdogo. Halafu akashuka kwenye rundo akamkumbatia, na Veijo, ambaye hakujua pa kuweka kofia, akaiangusha.

"Nenda kawaambie wapige," Jonna alimwambia begani. "Na waanze na ule mbaya kuliko zote."

"Wa kivuko?"

"Wa kivuko."

Kinanda kilivuta pumzi. Kalervo alisimama mbele ya kipaza sauti, mikono imelegea, akatazama mbali juu ya vichwa vya watu kama aliyesahau amekuja kufanya nini. Gitaa likagusa noti ya kwanza, ile inayoshuka. Na kabla haijafika chini, viti mia na kitu vilisukumwa nyuma kwa pamoja. Wazee waliinama mbele ya wake zao. Bibi aliyefungua kifungo akakifunga, akaenda kumchagua mchungaji. Walizunguka taratibu, shavu kwa shavu, macho yamefumbwa, nyuso zao nzito kwa furaha. Shangazi Irja alikuwa anabubujikwa na machozi mikononi mwa dijei, ambaye alikuwa amevua miwani.

Leanne alimshika Marketta mkono. "Jamani, nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Marketta. "Sasa ndiyo tumechangamka."

Corey alikabidhiwa mkewe. Alicheza naye wimbo wote bila kuruka, na watu wa Kainuu walipoona hivyo walikubaliana, kimyakimya, kwamba kijana yule si mbaya. Wimbo wa pili ulikuwa wa baba. Veijo alimshika Jonna kama alivyomshika alipomtoa hospitali alipozaliwa, yaani kwa woga mtupu, wakazunguka. Nyuma ya Kalervo mpiga besi alikuwa ananuna vizuri sana. Ilisemekana wamegombana juu ya kipande cha mwisho cha keki.

"Baba," alisema Jonna. "Nikiwa kule, nitakupigia simu kila Jumapili. Swali langu la kwanza litakuwa unapiga nini. Ukisema Räntä, nitakuwa na amani."

"Sawa."

"Lakini siku nikisikia polka, nakuja."

"Sawa," alisema Veijo, na alijua ni neno la namna gani.

Jonna akaondoka. Kila Jumapili simu ililia, na kila Jumapili Jonna aliuliza, na Veijo akaielekeza simu kwenye spika amsikilizishe Kalervo akikata tamaa. Septemba ikapita hivyo, na Oktoba. Alimkosa mwanawe, alimkosa mpaka mifupani, lakini jioni alikaa kwenye kigoda na kuona kwamba nafasi bado ipo.

Jumapili moja ya Novemba alirudi kutoka dukani, mvua ile isiyoamua ikimpiga usoni, na alipofungua geti akasikia kodiani. Polka, ya kasi, ya furaha, inatoka gerejini. Aliweka mfuko chini. Ndani, kwenye kigoda chake, alikuwa amekaa Marketta, koti bado mwilini, mikono mapajani, akiitazama santuri inavyozunguka. Sahani ilikuwa ile ile ya kituo cha petroli. Veijo aliona kwamba miezi yote ile tangu Jonna aondoke alikuwa akiambiwa "funga mlango," naye alikuwa akiufunga, na hakuwahi kuuliza upande wa pili wa mlango kuna nini.

Simu ikalia mfukoni.

"Haya Baba, unapiga nini?"

Veijo alisogea karibu na santuri. Aliielekeza simu kwenye spika. Jonna akasikiliza huko Townsville.

"Ni wewe?" aliuliza mwishowe.

"Mama yako."

Alisikia kiti kikisukumwa, na Jonna akimwita Corey.

"Usiizime," alisema Jonna. "Mwambie nakata tiketi."

Veijo akarudisha simu mfukoni. Akamwambia. Halafu akavuta debe, akaketi kando ya mkewe, akanyoosha mkono, Marketta akaushika, wakaisikiliza polka mpaka mwisho wa upande wa pili.